Kwikwi za Pikapu na Tiba Zake

Katika maradhi yote ya gari dogo la mizigo, lile linalomvunjia mwenye gari heshima upesi zaidi ni la kushtukashtuka wakati wa kuvuta, yaani hali ambayo gari lililotulia vizuri kwenye mwendo wa kawaida huanza kukatakata, likisukumwa mbele na kurudishwa nyuma, mara tu dereva anapolikanyagia mafuta ili lipande mlima au lipite gari jingine. Maradhi mengine yana staha. Pancha humpata kila mtu, betri iliyokufa hulalamikiwa nyumbani alfajiri kabla majirani hawajaamka, na rejeta inayochemka angalau hutoa mvuke, hivyo wapita njia huona kwamba pana msiba wa kweli na kutoa pole. Gari linaloshtuka halitoi ushahidi wowote: linaonekana zima, linanguruma sawasawa, na kwa anayelitazama kutoka kando ya barabara kosa lote ni la dereva, ambaye hudhaniwa kuwa amefundishwa kuachia klachi juzi.

Mfano wa karibuni, ambao mhusika wake bado hapendi utajwe mbele ya wakwe, ulitokea kwenye Mlima Kitonga, ule mpando mrefu wa kona kali unaoitoa barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma katika bonde la Ruaha na kuifikisha kwenye nyanda za Iringa. Pikapu ilikuwa ya petroli, yenye injini ya silinda nne, na ilikuwa imepakia viti vya plastiki pamoja na sufuria kubwa za pilau za kukodi, zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Mbele, kando ya dereva, alikaa shangazi wa bwana harusi akiwa amepakata keki ya ghorofa mbili. Tangu Morogoro hadi Mikumi, ambako barabara ni tambarare na hakuna anayelazimika kuharakisha, gari lilikwenda kwa adabu kiasi cha shangazi kulisifu. Kitonga kulikuwa na lori la kontena lililokuwa likipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na katika kipande kilichonyooka, chenye mstari uliokatika na upeo ulio wazi, dereva aliingiza gia ya pili, akatoka upande wa kulia na kukanyaga pedeli hadi mwisho. Gari lilitii. Lililifikia lori, likazipita tairi zake za nyuma, likaja sambamba na mlango wa dereva wake, na hapo ndipo mshtuko wa kwanza ulipotokea, ukafuatwa na wa pili na mingine isiyohesabika, kila mmoja ukitangazwa na sufuria zote kwa pamoja.

Shangazi, ambaye katika maisha yake amelea watoto wengi na hajawahi kufungua boneti, ndiye aliyetoa uchunguzi wa kwanza wa kitaalamu.

"Mwanangu, gari lako lina kwikwi. Lipe maji."

"Maji yapo, shangazi. Rejeta imejaa."

"Basi haijayanywa," alisema shangazi, akaishika keki kwa mikono miwili.

Dereva alilazimika kupunguza, kurudi nyuma ya lori, kisha kusogea pembeni kabisa ili magari yaliyokuwa yakimfuata yapite, na pembeni hapo, mbele ya mashahidi waliokuwa wamejaa basi zima, utingo wa lori lile lile lililokaribia kupitwa aliwahi kuchungulia nyuma na kuuliza, kwa upole unaouma kuliko tusi, "Mzee, tukuvute?" Lori lilikuwa na kontena mgongoni. Pikapu ilikuwa na viti.

Ili kuelewa kwa nini gari lililo zima Mikumi linaweza kuwa mgonjwa Kitonga, ni lazima kwanza kuondoa dhana iliyoenea kwamba pedeli ya kulia humwaga mafuta ndani ya injini. Katika injini ya petroli yenye nozeli, yaani vibomba vidogo vinavyopuliza petroli kwa amri ya kompyuta, pedeli hufungua kilango cha hewa tu, ambacho ni bamba la duara linalozunguka ndani ya bomba la kuingizia hewa. Kompyuta ndiyo hupima hewa iliyopita na kuagiza petroli ya kulingana nayo, takriban gramu moja kwa kila gramu 14.7 za hewa katika mwendo wa kawaida. Injini inaponguruma bila kazi, kilango hicho kinakaribia kufungwa, pistoni huvuta hewa zisiyoipata, na msukumo wa hewa uliobaki ndani ya mabomba ni kama theluthi moja tu ya ule wa hewa ya nje. Pedeli ikikanyagwa hadi mwisho, kilango hufunguka chote na mabomba hujaa hewa yenye msukumo unaokaribiana na wa nje, kwa hiyo kila silinda hupokea hewa karibu mara tatu ya mwanzo, lakini nafasi ambamo hewa hiyo hubanwa haiongezeki hata kidogo.

Ndani ya hewa hiyo iliyobanwa ndipo plagi hutakiwa kurusha cheche kuvuka pengo la milimita moja hivi, na hapa ndipo jambo lenyewe linapoanza kuwa tamu. Mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba volti zinazohitajika ili umeme uruke kutoka ncha moja hadi nyingine ndani ya gesi hutegemea msukumo wa gesi hiyo ukizidishwa kwa umbali kati ya ncha hizo. Kwa pengo la plagi hii ina maana kwamba kadiri gesi inavyobanwa ndivyo cheche inavyokuwa ghali. Injini isiyo na mzigo inaweza kutosheka na volti 10,000 hivi kwa kila cheche, na injini ile ile inapovuta kwa nguvu zote inaweza kudai 20,000 au zaidi. Betri ina volti 12 tu. Tofauti hiyo huzibwa na koili, kifaa chenye misokoto miwili ya waya, mmoja mnene wenye mizunguko michache na mwingine mwembamba wenye mizunguko kama mara mia ya hiyo, ambao kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831 huzalisha umeme mkali kila mkondo wa msokoto wa kwanza unapokatwa ghafla.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, ingawa siri yote imo humo, ni kwamba koili haijui volti ngapi zinahitajika. Hupandisha tu, kutoka sifuri kwenda juu, mpaka cheche iruke mahali fulani, na ikisharuka kazi ya koili imekwisha bila kujali imeruka wapi. Umeme huo husafiri hadi kwenye plagi kupitia waya wenye ganda nene la mpira, na ganda hilo likizeeka kwa joto na mafuta ya injini hupata ufa ambao jicho la kawaida halioni. Ikiwa umeme unaweza kutoroka kupitia ufa huo hadi kwenye chuma cha injini kwa gharama ya volti 15,000, basi katika injini isiyo na mzigo hakuna litakalotokea, kwa sababu plagi itawaka volti zikiwa bado 10,000 na ufa hautafikiwa kamwe. Mlimani hesabu hugeuka: plagi inadai 20,000, lakini kabla koili haijafika huko inakutana na mlango wa 15,000 ulio wazi, umeme unatokea hapo, na silinda inabaki na hewa na petroli isiyowaka. Injini hiyo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda hudai cheche 25 kwa sekunde, na injini nzima hudai 100, kwa hiyo ufa unaotorosha umeme mara kwa mara, lakini si kila mara, hutosha kuifanya nguvu ya gari ije na kupotea kwa namna isiyotabirika.

Kukosekana kwa mlipuko mmoja si jambo kubwa kwa chuma kizito namna hiyo, ila gari limejengwa kwa vitu vinavyonesanesa. Injini hukaa juu ya mipira, shafti hujisokota kidogo inapopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma, na springi za pikapu zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo. Nguvu ikikatika vyote hivi hujinyoosha kwa pamoja, na ikirudi hujikunja tena. Dereva naye, anaporushwa mbele na nyuma, mguu wake hukanyaga na kuachia pedeli bila kukusudia, na kwa njia hiyo kiungo chake mwenyewe huingizwa katika ugonjwa wa gari. Ndiyo maana dereva hushutumiwa, na kwa kiasi kidogo cha kuudhi shutuma hizo zina ukweli ndani yake.

Sasa ieleweke ni katika mazingira gani gari la namna hii huchunguzwa. Gereji iko kwenye uwanja wa tambarare, gari limeegeshwa chini ya mwembe, boneti imefunguliwa na injini inanguruma bila kazi yoyote, yaani katika hali ile ile ambayo ugonjwa wake hauwezi kuonekana. Fundi huchomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine na kusikiliza kama injini italegea, nayo hulegea kwa kila waya, jambo linalothibitisha kwamba silinda zote zinafanya kazi. Hupiga resi mpaka kuku wa jirani wakimbie, lakini injini isiyosukuma kitu huenda kasi kwa kufunguliwa kilango kidogo tu, kwa hiyo kelele ni nyingi na mzigo ni haba. Mwenye gari akisisitiza, wote wawili huingia ndani na kuzunguka mtaa saa saba mchana, katika joto kavu ambalo hukausha kila ufa, na gari huteleza. "Bosi, hili gari zima," husema fundi, kisha, baada ya kimya cha heshima, "Kwani wewe huwa unaliendeshaje?"

Mashine ya kupimia, ambayo watu wengi huiamini kuliko kipimo cha damu, haikusaidia pia. Marekani iliyalazimisha magari madogo yote ya kuanzia mwaka wa modeli 1996 kuwa na mfumo wa kujichunguza unaoweza kutambua hata silinda inayokosa mlipuko na kuitaja kwa namba, ila pikapu nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko mengine hazikuwekewa kipengele hicho, kwa kuwa hakuna aliyekidai. Mashine iliunganishwa, ikatafakari, ikaandika kwamba hakuna kosa. Ada ya kupima ililipwa hata hivyo, kwa kuwa kutokuona kitu nako ni kazi.

Baada ya hapo huja zama za nadharia. Nadharia ya kwanza katika kila gereji ya Tanzania ni mafuta machafu, na ina historia yake, kwani uchanganyaji wa mafuta ya taa katika petroli na dizeli uliwahi kuenea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianzisha utaratibu wa kuyawekea mafuta vinasaba, yaani alama ya kikemikali inayowezesha wakaguzi kutambua mafuta yaliyochakachuliwa. Petroli yenye mafuta ya taa huifanya injini igonge na kukosa nguvu, lakini hufanya hivyo katika silinda zote, na haina sababu ya kungoja Kitonga. Tangi lilimwagwa. Nadharia ya pili ni filta iliyoziba au pampu iliyochoka, nayo ni ya busara kabisa, maana injini inayovuta kwa nguvu hudai petroli nyingi na pampu dhaifu huweza kushindwa hapo hapo. Isitoshe, inaweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa kufunga saa ya kupimia msukumo kwenye bomba la petroli na kuitazama wakati gari linapanda, kwani katika injini nyingi za aina hii inapaswa kukaa karibu na bar 3 bila kuporomoka. Saa hiyo ni ya bei ndogo kuliko pampu. Gereji haikuwa nayo, na pampu ikabadilishwa kwa hisia.

Kinachotatiza zaidi ni kwamba kila tiba isiyo sahihi huonekana kufaulu. Plagi mpya zilipofungwa gari lilipona, kwa sababu plagi iliyochakaa huwa na pengo lililopanuka, na mpya, ikiwa na pengo dogo, huhitaji volti chache zinazoweza kupatikana kabla ya ufa kufikiwa. Baada ya muda ufa uliendelea kukua na faida hiyo ikaliwa. Pampu mpya ilifungwa katika wiki ya jua kali na ikasifiwa mpaka ukungu wa kwanza. Kusafisha nozeli kulileta nafuu ya kisaikolojia. Kuchomoa waya wa betri usiku kucha, ili kompyuta isahau yaliyopita, kuliifanya redio ipoteze stesheni zake zote, na hayo ndiyo mabadiliko pekee yaliyobaki mpaka leo.

Gharama ya makisio yote hayo hubebwa na mtu mmoja, naye si mkisiaji. Fundi akidhani ni pampu, mwenye gari hununua pampu. Fundi akigundua kwamba hakuwa sahihi, mwenye gari hubaki na pampu mpya na kwikwi za zamani, kwa kuwa risiti ya duka la spea imepigwa muhuri usemao kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Dukani muuzaji huuliza bila haya kama mteja anataka orijino au ya kawaida, na plagi za aina zote mbili hutoka katika boksi zenye rangi ile ile na maandishi yale yale, hivyo tofauti pekee inayoweza kuonekana ni bei. Pampu ya zamani, iliyotangazwa kuwa imekufa, ilibaki gereji "isije ikachafua gari lako, bosi", na pampu isiyo na kosa lolote haikai gereji muda mrefu bila kupata gari jingine la kuliponya. Huu si uzembe wa bahati mbaya, ni biashara iliyopangika, na inaudhi zaidi kwa kuwa mteja ameshiriki kuipanga: akiambiwa kwamba fundi ametumia nusu siku kufikiri, hukataa kulipa, ila akioneshwa boksi lililofunguliwa mbele yake, hutoa pesa akinung'unika tu. Fundi mwenye watoto wa kusomesha hujifunza upesi kuuza maboksi.

Aliyeligundua tatizo ni fundi wa umeme wa magari, mtu wa makamo asiyependa maneno, ambaye hakutaka kuendeshwa popote. Aliomba vitu viwili, giza na ile chupa ya kupulizia maji inayotumika saluni. Usiku ulipoingia aliwasha injini, akazima taa zote, akapuliza ukungu mwembamba wa maji juu ya nyaya za plagi, mkono wake ukiwa mbali na chuma, na papo hapo ukaonekana uzi wa cheche za buluu ukiruka kutoka kwenye waya wa silinda ya tatu hadi kwenye kibano kilichoushikilia, ukiambatana na mlio mdogo wa tak-tak-tak ambao mchana humezwa na kelele za feni. Maji yenye uchafu kidogo hupitisha umeme, kwa hiyo hupunguza bei ya kutorokea kupitia ufa mpaka hata injini isiyo na mzigo huona afadhali kupita huko. Yaani maji huileta Kitonga uwanjani. Waya ulipochomolewa, mahali palipogusana na kibano palikuwa na doa la kijivu dogo kuliko punje ya mtama, na kwenye kauri nyeupe ya plagi ya silinda hiyo, ambayo ilikuwa bado mpya, umeme ulikuwa umekwisha kujichorea mstari mweusi wa kaboni kutoka juu hadi chini. Mstari wa namna hiyo nao hupitisha umeme, na ndiyo sababu plagi ilibadilishwa pamoja na waya wake.

Ikumbukwe kwamba tiba iliyopendekezwa na shangazi, bila ada na bila mashine, ilikuwa maji. Taarifa hiyo haijafikishwa kwake, na hakuna mpango wa kuifikisha.

Seti nzima ya nyaya iliuzwa kwa bei ndogo kuliko pampu, na ujira aliotaja fundi wa umeme ulikuwa mdogo kiasi cha kutia aibu, ingawa hilo halikuzuia mwenye gari kuomba apunguziwe, kwa mazoea tu. Pikapu sasa hupanda mlima bila kutikisa kitu.

Kuhusu matukio mengine maelezo ni mafupi. Keki ilifika Iringa ikiwa na ghorofa zote mbili, ya juu ikiwa imeelekea upande wake. Mlango wa abiria hufunguka kutoka nje tu, kwa hiyo dereva hulazimika kuzunguka na kuufungua, na amepata sifa ya ustaarabu asiyoistahili. Honi hulia yenyewe kila usukani unapokatwa kulia, kwa sababu ya waya uliochubuka ndani ya usukani, na kwa kuwa mwenye gari ameapa kutorudi gereji mwaka huu, watu wa mtaani kwake hudhani anawasalimia na humpungia mkono kila kona.